Ukitolewa mfuko wa nyongo na mwili ukakataa kupona, rudi hospitalini

Haya ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wahudumu wa afya ya jamii na wakaazi, kwenye kikao cha afya kilichofanyika katika ukumbi wa kijamii. Tunayachapisha kwa ombi la waliohudhuria.

 

Nianze kwa kusema kwamba mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu katika kaunti ni kuuliza maswali kwa niaba yenu na kuleta majibu kwa lugha tunayoielewa sote. Leo nimeombwa nizungumze kuhusu upasuaji wa kutoa mfuko wa nyongo, na hasa kuhusu watu wachache ambao mrija wa nyongo huumizwa wakati wa upasuaji huo. Nimekubali kwa sababu jambo hili liliwahi kuingia nyumbani kwetu.

Miaka kadhaa iliyopita mama mdogo wangu alitolewa mfuko wa nyongo. Hospitali sitaitaja, maana sikuja hapa kulaumu mtu. Alipasuliwa kwa matundu madogo, na siku ya pili akaruhusiwa kwenda nyumbani. Tulifurahi. Siku ya nne tumbo likaanza kujaa na akashindwa kula. Akanipigia simu. Nikamwambia, "Mama, vumilia, hiyo ni gesi, upasuaji si mchezo." Tukamnunulia dawa ya maumivu dukani. Siku ya tisa macho yakawa ya manjano. Jirani akasema ni ugonjwa wa ini, akaleta mizizi ya kuchemsha. Tulipomrudisha hospitalini, siku 14 zilikuwa zimepita na tumbo lilikuwa limejaa nyongo iliyovuja.

Alipona. Hivi sasa yuko shambani kwake. Lakini alipitia miezi ambayo pengine asingepitia, na aliyemwambia avumilie ni mimi niliyesoma, ninayeandika taarifa za afya za kaunti nzima. Ndiyo maana leo sitazunguka. Ninalo neno moja kubwa: baada ya upasuaji huu, kila siku inafaa iwe nafuu kuliko jana. Isipokuwa hivyo, mgonjwa arudi hospitalini siku hiyo hiyo.

Nyongo hupita wapi

Ini hutengeneza nyongo, maji ya rangi ya manjano na kijani yanayosaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Kwa siku moja ini la mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja. Nyongo hiyo huteremka kwa mirija midogo inayoungana na kuwa mrija mmoja mkuu, ambao humwaga kwenye utumbo mwembamba. Pembeni mwa mrija huo mkuu ndipo ulipo mfuko wa nyongo. Kazi yake ni kuweka akiba ya nyongo. Una kijirija chake kifupi kinachouunganisha na mrija mkuu.

Mfikirie mtu aliye na bomba la maji kutoka kwenye chemchemi hadi nyumbani, na kando ya bomba ameweka tangi. Tangi likiharibika unaweza kuliondoa, na maji yataendelea kufika nyumbani. Ndiyo maana mtu huishi vizuri bila mfuko wa nyongo. Lakini ukikata bomba lenyewe, nyumba haipati maji na shamba linafurika. Mrija mkuu wa nyongo ndio bomba hilo, na ni mwembamba kuliko penseli.

Watu wengi hutolewa mfuko huo kwa sababu ya vijiwe. Vijiwe vikiziba njia, mtu hupata maumivu makali chini ya mbavu za kulia, hasa baada ya kula chakula chenye mafuta. Mfuko unaweza kuvimba na kuoza. Kijiwe kinaweza kuteleza hadi kwenye mrija mkuu na kuamsha ugonjwa wa kongosho, ambao huua. Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Daktari akikuambia mfuko wako unahitaji kutolewa, usikatae kwa sababu ya maneno yangu ya leo. Kukaa na mfuko mbovu kuna hatari yake.

Jeraha hutokeaje

Upasuaji wa kwanza wa kutoa mfuko wa nyongo ulifanywa Berlin, Ujerumani, mwaka 1882 na daktari Carl Langenbuch. Kwa zaidi ya miaka 100 tumbo lilifunguliwa kwa mkato mrefu. Kisha mwaka 1985 daktari mwingine Mjerumani, Erich Mühe, akautoa mfuko kwa kutumia vifaa virefu vilivyopitishwa kwenye matundu madogo. Miaka michache baadaye njia hiyo ikaenea duniani, ikiongozwa na kamera ndogo inayoonyesha ndani ya tumbo kwenye skrini.

Njia hiyo ni nzuri. Maumivu hupungua, kidonda ni kidogo, na mtu hurudi kazini mapema. Lakini ilipoanza kuenea, majeraha ya mrija mkuu yaliongezeka. Katika upasuaji wa mkato mrefu, jeraha lilikadiriwa kumpata mtu 1 au 2 kati ya 1,000. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, uliopitia rekodi za wagonjwa zaidi ya milioni 1.5, ulikuta takriban 5 kati ya 1,000, yaani mtu 1 kati ya 200. Maana yake, watu 199 hawakupata jeraha hilo. Lakini yule mmoja ana familia pia.

Je, ni uzembe? Mara nyingi sivyo. Watafiti wa Marekani walichunguza majeraha 252, na wakakuta kwamba asilimia 97 yalianza kwa macho kudanganyika. Daktari anapouvuta mfuko juu, mrija mkuu hunyooka na kujipanga na mfuko, ukaonekana kama ndio kile kijirija kinachotakiwa kukatwa. Uvimbe na makovu ya ugonjwa wa muda mrefu huongeza utata. Daktari anaamini kabisa anakata kitu sahihi.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1995 daktari Steven Strasberg wa Marekani na wenzake walieleza kanuni inayofundishwa hadi leo. Kabla ya kukata chochote, daktari asafishe mafuta na utando mahali pale, ainue sehemu ya chini ya mfuko kutoka kwenye ini, na ahakikishe kwamba vitu viwili tu ndivyo vinavyoingia kwenye mfuko: kijirija chake na mshipa wake wa damu. Asipoviona wazi, asikate. Anaweza kuomba mwenzake aangalie, kupiga picha ya mirija palepale kwa eksirei na dawa ya rangi, kutoa sehemu tu ya mfuko, au kufungua tumbo kwa mkato wa kawaida.

Hapa nina ombi kwenu wakaazi. Mgonjwa akiingia chumba cha upasuaji kwa matundu madogo akatoka na mkato mrefu, msiseme daktari ameshindwa kazi. Mara nyingi huyo ndiye daktari aliyeona hatari akaikwepa.

Dalili za kuangalia nyumbani

Majeraha mengi ya mrija hayaonekani siku ya upasuaji. Hujitokeza mgonjwa akiwa tayari amerudi nyumbani, mara nyingi ndani ya wiki ya kwanza au mbili. Ndipo familia na nyinyi wahudumu wa afya ya jamii mnapokuwa macho ya hospitali.

Ukimtembelea mtu aliyetolewa mfuko wa nyongo, muulize kwanza swali rahisi: leo unajisikia vizuri kuliko jana? Akijibu hapana, endelea kuuliza. Je, maumivu ya tumbo yanaongezeka? Tumbo limejaa au limekuwa gumu? Anatapika, au hapati haja wala hewa haitoki? Ana homa au baridi ya kutetemeka? Tumia kipimajoto kilicho kwenye mfuko wako, usikisie kwa kiganja. Kidonda kinatoa maji ya manjano au ya kijani?

Kisha mtoe nje kwenye mwanga wa mchana uangalie weupe wa macho yake. Kwa ngozi zetu nyeusi umanjano hauonekani upesi, lakini machoni huonekana. Chini ya taa ya umeme unaweza kukosa kuuona. Muulize rangi ya mkojo. Ukiwa mweusi kama chai ya strungi, na kinyesi kimepauka kama udongo mkavu, nyongo haifiki kwenye utumbo. Mwili kuwasha kila mahali bila upele ni dalili nyingine.

Dalili moja kati ya hizo inatosha kumrudisha. Usingoje zitimie zote. Usimpe dawa ya maumivu ili alale, kwa sababu dawa hiyo huficha ugonjwa. Na mizizi ya kuchemsha haiwezi kuunga mrija uliokatwa.

Kuna jambo lingine. Mrija unaweza kuumia kidogo, ukapona kwa kovu, na kovu likaendelea kuubana polepole. Dalili zikaja baada ya miezi au hata miaka. Kwa hiyo mtu aliyewahi kutolewa mfuko wa nyongo akipata homa za kutetemeka na macho ya manjano, mwambieni daktari kuhusu upasuaji ule, hata kama ulifanyika miaka 5 iliyopita. Tusikimbilie kusema ni malaria.

Kutengeneza mrija bila mkato mrefu

Sasa nije kwenye swali ambalo wengi wameniuliza: jeraha kama hili linaweza kutengenezwa kwa matundu madogo pia? Jibu ni ndiyo kwa baadhi ya wagonjwa, na inategemea ni jeraha gani.

Kwanza, kuna uvujaji mdogo. Mrija mkuu ni mzima, lakini kile kijirija kilichofungwa kimeachia, au kijimrija kidogo kutoka kwenye ini kinavuja. Hapa mara nyingi hakuna haja ya kupasua tena. Daktari hupitisha kifaa chembamba chenye kamera, yaani endoskopi, mdomoni hadi kwenye tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba, mahali mrija wa nyongo unapomwaga. Hupanua mlango ule na kuweka kijineli kidogo cha plastiki kinachoitwa stenti. Nyongo hufuata njia iliyo rahisi kwenda utumbo, na pale palipovuja hupata nafasi ya kufunga. Baada ya wiki kadhaa stenti hutolewa. Naomba mshike hilo: stenti ya plastiki lazima itolewe au ibadilishwe. Mgonjwa akisahau kurudi, itaziba na kuleta maambukizi. Andikeni tarehe hiyo ukutani.

Pili, kuna nyongo iliyokusanyika tumboni. Daktari wa picha hutumia altrasaundi kuona mahali ilipo, kisha hupitisha sindano na mrija mwembamba kwenye ngozi ili kuitoa nje kwenye mfuko. Mama mdogo wangu alikaa na mfuko huo kwa miezi miwili. Aliona haya kwenda kanisani. Alidhani watu wanausikia harufu. Baadaye alielewa kwamba mfuko ule ndio uliomwokoa, kwa sababu uliondoa sumu tumboni na kumpa mwili nafasi ya kupata nguvu. Ukimwona mtu na mfuko kama huo, mkaribishe kama zamani.

Tatu, kuna mrija mkuu uliokatwa kabisa au uliozibwa. Hapa stenti peke yake haitoshi kwa kawaida. Daktari huchukua kipande cha utumbo mwembamba, hukiinua hadi chini ya ini, na kukishona kwenye mrija wa ini ili nyongo imwagike humo moja kwa moja. Utumbo uliobaki huunganishwa kwa chini, na mchoro wake unafanana na herufi Y. Mpango huo wa utumbo unaitwa kwa jina la César Roux, daktari wa upasuaji wa Lausanne, Uswisi.

Kazi hiyo kwa miaka mingi imefanywa kwa mkato mrefu, na sehemu nyingi za dunia bado inafanywa hivyo. Lakini katika miaka ya karibuni, madaktari wenye uzoefu katika nchi kama India na Mexico wamekuwa wakiifanya kwa matundu madogo, na wengine kwa msaada wa roboti. Roboti haipasui yenyewe. Daktari huketi pembeni akiangalia picha iliyokuzwa, na mikono ya mashine hufuata mikono yake. Faida yake ni kwamba vifaa hivyo hupinda kama kifundo cha mkono, jambo linalosaidia sana kushona mrija wa milimita chache kwa uzi mwembamba.

Mgonjwa anayefaa kwa njia hiyo hupata maumivu kidogo, kidonda hakisumbui sana, na hurudi nyumbani mapema. Si kila mtu anafaa. Ikiwa tumbo lina maambukizi, mshipa mkubwa wa damu wa ini uliumizwa pamoja na mrija, jeraha liko juu sana karibu na ini, au mtu ameshapasuliwa mara kadhaa, daktari anaweza kuamua kwamba mkato wa kawaida ndio salama. Mama mdogo wangu alirekebishwa kwa mkato mrefu, na hajutii.

Mara ya kwanza ndiyo nafasi bora

Ndugu zangu, ukubwa wa kovu kwenye ngozi hauwezi kukuambia kama kazi ya ndani ni nzuri. Kipimo ni kama mshono ule utabaki wazi baada ya miaka 5, miaka 10 na zaidi. Ili ubaki wazi, mrija unaoshonwa lazima uwe na afya na damu ya kutosha, uwazi uwe mpana, na utumbo usivutwe kwa nguvu. Kazi ikifanywa vibaya, kovu hubana, homa hurudi, na ini huharibika pole pole. Tena kila upasuaji mpya huacha mrija mfupi zaidi wa kushona.

Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1995 ulilinganisha matokeo. Daktari aliyesababisha jeraha alipojaribu kulirekebisha mwenyewe, alifaulu kwa asilimia 17 tu. Mabingwa wa mirija ya nyongo katika hospitali kubwa za rufaa walifaulu kwa asilimia 94. Takwimu hizo ni za siku nyingi na za nchi nyingine, lakini ushauri uliotokana nazo haujabadilika: jeraha likigunduliwa na bingwa hayupo, zuia uvujaji, toa nyongo tumboni, tibu maambukizi, na mpeleke mgonjwa kwa mwenye uzoefu.

Kuna mtu mmoja mashuhuri ambaye kisa chake kinafundisha hili. Anthony Eden alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza. Aprili 1953 alitolewa mfuko wa nyongo mjini London, na mrija wake ukaumizwa. Akapasuliwa tena huko huko London, lakini hakupona sawasawa. Juni mwaka huo alipelekwa Boston, Marekani, kwa Richard Cattell, daktari aliyejulikana kwa kutengeneza mirija ya nyongo. Huko ndiko alikopata nafuu. Mwaka 1955 akawa waziri mkuu. Lakini homa hazikumwacha kabisa. Oktoba 1956, katikati ya mgogoro wa mfereji wa Suez, joto lake lilipanda ghafla hadi karibu nyuzi 41 akiwa amekwenda kumwona mkewe hospitalini. Januari 1957 alijiuzulu kwa sababu za kiafya, na mwaka huo huo Cattell akampasua tena. Eden aliishi hadi 1977, akafa akiwa na miaka 79.

Nimewaletea kisa hicho kwa sababu mbili. Jeraha hili linaweza kumpata yeyote, hata kiongozi katika mji wenye hospitali bora. Na mtu aliyerekebishwa mrija anaweza kuishi miaka mingi, mradi asiache kufuatiliwa. Mgonjwa wa aina hii hapaswi kukosa kliniki hata akijisikia mzima. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kwamba mshono unabana kabla macho hayajageuka.

Haki yako, na maswali ya kuuliza

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya huduma ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana, na kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu akueleze hali yako, njia za matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, na inapowezekana akueleze kwa lugha unayoielewa. Kuuliza si kumkosea daktari heshima.

Kabla ya kutolewa mfuko wa nyongo, uliza: kwa nini ninahitaji upasuaji huu? Utafanywa kwa njia gani, na ikitokea shida mtafanya nini? Nikienda nyumbani, ni dalili gani zinirudishe, na nimpigie nani simu usiku?

Ukiambiwa mrija umeumia, uliza: umeumia wapi na kwa kiasi gani? Nimeshapigwa picha ya mirija yote? Nani atanirekebisha, na amefanya kazi kama hii mara ngapi? Tukingoja, tunangoja nini? Wakati mwingine daktari atasema mngoje wiki 6 au zaidi ili maambukizi yaishe na uvimbe upungue. Huko si kupuuzwa.

Ukiruhusiwa kutoka hospitalini, omba nakala ya maelezo ya upasuaji, majibu ya vipimo na picha zako. Ziweke kwenye bahasha moja. Bingwa utakayepelekwa kwake anahitaji kujua hasa kilichofanyika ndani ya tumbo lako, na karatasi hizo zinaweza kuokoa siku nyingi.

Njia ya rufaa mnaijua. Anzia kituo kilicho karibu, hata kama ni zahanati. Watakupeleka hospitali ya kaunti, ambapo mgonjwa anaweza kupewa maji na dawa, kupigwa altrasaundi na kuanza kutibiwa maambukizi. Marekebisho makubwa ya mrija ni kazi ya hospitali za rufaa za juu. Kwa upande wa serikali, hospitali za kitaifa kama Kenyatta jijini Nairobi na ile ya mafunzo na rufaa ya Moi mjini Eldoret ziko chini ya serikali kuu, nasi kama kaunti kazi yetu ni kukufikisha huko ukiwa hai na ukiwa na barua ya rufaa.

Kuhusu malipo, jiandikishe na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024. Unaweza kujiandikisha kwa simu yoyote ukibonyeza *147#, au umwombe mhudumu wa afya ya jamii akusaidie. Kabla ya matibabu makubwa, nenda kwenye dawati la SHA hospitalini uulize ni kiasi gani kitalipwa na ni kiasi gani kitabaki kwako. Fanya hivyo kabla ya kuitisha harambee. Na mkiitisha harambee, msimpe pesa mtu yeyote anayeahidi kurekebisha mrija haraka kwa matundu madogo kabla hajaona picha za mirija. Uliza kwanza amezirekebisha ngapi.

Nimalizie hapa. Wapo waliokaa ndani ya ukumbi huu ambao wana mtu nyumbani aliyetoka hospitalini wiki hii. Mkifika, msimuulize tu kama amekunywa uji. Mtoeni nje kwenye jua, muangalie macho yake, mguse tumbo lake taratibu, mpime joto. Akisema leo ni afadhali kuliko jana, mshukuruni Mungu mkalale. Akisema jana ilikuwa afadhali, tafuteni gari usiku huo huo.

Mimi nilisema, "Vumilia." Nyinyi msiseme hivyo.